Muulize Fundi: Betri Zinazokufa Kabla ya Siku Zake

Barua nyingi zilizofika mezani kwetu safari hii kutoka Tanga Mjini, Pangani na Mkinga zinahusu betri za risasi na asidi, yaani betri za magari, za sola, za inveta na za taa za wavuvi. Nimeanza na barua ya mvuvi na kuijibu kwa urefu, kwa sababu maelezo yake yanawagusa karibu wengine wote walioandika, na pia kwa sababu inaniuma kuona watu wanaoishi kwa kipato cha usiku kwa usiku wakinunua betri mpya mahali ambapo ile ya zamani ilihitaji kuchajiwa ipasavyo tu.

Assalaam alaykum, fundi. Sisi ni wavuvi wa dagaa hapa Sahare. Karabai tumeziacha, sasa tunatumia taa za LED na betri mbili za N70. Wakati wa giza tunazipeleka kwa mwenye chaja asubuhi, tunazichukua alasiri, usiku tunaingia nazo baharini. Mbalamwezi ikianza tunaziweka stoo mpaka giza lijalo. Betri mpya haimalizi mwaka. Kuna fundi ametuambia tuongeze asidi ili zipate nguvu. Je, tuongeze? – Mvuvi, Sahare

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Msiongeze asidi. Ndani ya kila chemba ya betri kuna mabamba ya aina mbili: ya chanya yana oksidi ya risasi, ya hasi yana risasi laini yenye vitundu vidogo vidogo, na yote yamezama katika asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Taa inapowaka, asidi hutoka katika maji na kushikamana na mabamba ya pande zote mbili, ikafanyika salfeti ya risasi, na kinachobaki ndani ya chemba huzidi kufanana na maji matupu. Mnapochaji, salfeti ile huyeyuka na asidi hurudi majini. Kwa hiyo asidi ya betri iliyoisha chaji haijapotea, imo ndani ya mabamba. Mkiongeza nyingine, siku betri itakapochajiwa vizuri itakuwa na asidi kali kupita kiasi, nayo itayala mabamba. Kinachopungua kwa kawaida ni maji peke yake. Asidi hupungua betri ikipinduka na kumwagika.

Sasa tazameni ratiba yenu ya mwezi. Salfeti iliyofanyika usiku wa jana ni chembe ndogo, na ikichajiwa leo huyeyuka bila shida. Ikiachwa, chembe hizo huungana na kuwa fuwele kubwa, ngumu, ambazo chaja ya kawaida haiziyeyushi tena, na kila sehemu ya bamba iliyofunikwa nazo haifanyi kazi. Usiku wa mwisho wa giza mnarudi na betri iliyokamuliwa, na kwa kuwa kesho hakuna kwenda baharini, hakuna anayeona haja ya kulipia chaji. Betri inakaa stoo karibu wiki mbili ikiwa tupu, katika joto la Tanga, na joto hilo huharakisha kila kitu kibaya kinachotokea ndani yake. Naamini hapo ndipo betri zenu zinapofia, wala si baharini. Chaji muhimu kuliko zote katika mwezi ni ile ya asubuhi mnayofunga kazi, hiyo mnayoiruka.

Jambo la pili ni mzigo. N70 hubeba takriban ampea-saa 70. Taa zilizofungwa kwenye betri moja zikiwa na jumla ya wati 60, zitavuta ampea 5, na kwa muda wa saa kumi zitakula ampea-saa 50. Mnarudi pwani betri ikiwa imebakiwa na chini ya theluthi moja. Na N70 ni betri ya kuwashia injini: mabamba yake ni membamba na mengi, yameundwa yatoe umeme mkubwa kwa sekunde chache kisha yajazwe mara moja na alteneta, yaani mashine ya gari inayochaji betri injini ikiunguruma. Kuikamua usiku kucha ni kuipa kazi isiyokuwa yake. Mkifika wakati wa kununua nyingine, ulizeni betri ya sola yenye mabamba manene, hata kama bei ni kubwa zaidi. Mpaka hapo, pangeni taa zenu ili betri isishuke chini ya nusu.

La tatu ni chaji yenyewe. Betri kama hiyo inapendelea chaji ya ampea 7 hivi, yaani sehemu moja ya kumi ya uwezo wake. Sehemu kubwa ya chaji, mpaka kufikia asilimia 80, huingia kwa haraka. Asilimia 20 ya mwisho huingia polepole sana, chaja ikishikilia volti 14.4 hadi 14.8 huku ampea zikishuka zenyewe mpaka mbili au moja na nusu. Kwa betri iliyotumika kama yenu, kazi nzima ni ya saa kumi au kumi na mbili, nanyi mnaipa saba au nane. Kila siku kipande cha salfeti kinabaki, na kesho yake kinaongezewa kingine.

Simameni pia pale kwa mwenye chaja mtazame anavyofanya. Mara nyingi utaona betri nne au tano za ukubwa tofauti, ya pikipiki, ya gari dogo, ya lori, zimeunganishwa kwenye chaja moja. Ile ndogo inachemka na kutoa mvuke unaowasha pua wakati kubwa haijafika hata nusu. Akiona mapovu anasema zimejaa. Mapovu yanaonyesha tu kwamba volti imepanda. Betri iliyoshikwa na salfeti hutoa mapovu mapema kuliko nzima. Ushahidi wa kujaa hutoka kwenye haidromita, kile kibomba cha kioo chenye mpira juu na chelezo kidogo ndani, kinachopima uzito wa maji ya betri ukilinganishwa na maji matupu. Nyonyeni maji ya chemba moja baada ya nyingine: betri iliyojaa husoma kati ya 1.265 na 1.280, iliyo nusu husoma karibu 1.190, na tupu hukaribia 1.120. Betri nyingine za nchi za joto hujazwa asidi nyepesi kidogo na husoma kama 1.240 zikiwa zimejaa, kwa hiyo angalieni zaidi kama chemba zote sita zinalingana na kama kipimo kimeacha kupanda, yaani kimesoma vilevile mara tatu, kila baada ya saa moja. Anayepima avae miwani na awe na ndoo ya maji safi karibu. Asidi ikiingia jichoni, jicho lioshwe mfululizo kwa dakika 15 au zaidi, kisha mtu apelekwe hospitali bila kungoja aone kama maumivu yatapungua.

Kuhusu betri mlizo nazo, zipeni nafasi kabla ya kuziuza kwa kilo. Ongezeni maji yaliyokenekwa (distilled water), kiasi cha kufunika mabamba tu, kisha zichajiwe kwa umeme mdogo, ampea 2 au 3, kwa siku nzima au mbili, kila moja peke yake, mahali penye hewa. Ganda la betri likiwa moto kiasi cha kutoshikika, zimeni na kuacha lipoe. Kama vipimo vya chemba zote vinapanda taratibu, endeleeni. Chemba moja ikibaki chini kwa zaidi ya 0.050 wakati nyingine tano zimepanda, na ndiyo pekee isiyotoa mapovu, hiyo imeshikana ndani na betri haitapona; hata ikitoka kwenye chaja mtaikuta inasoma karibu volti 10.5. Betri ya namna hiyo msiilipie chaji nyingine.

Fundi, gari langu dogo haliwaki asubuhi. Nimebadilisha betri mara mbili kwa ushauri wa mafundi, na hii mpya nayo imeanza mchezo uleule. – Mwalimu, Chumbageni

Mwalimu, betri ya pili kufa kama ya kwanza ni dalili kwamba kuna kitu kingine kinachoziua. Nunua au azima multimita, yaani mita ya kupimia volti na ampea, uisome kabla ya kutoa shilingi nyingine.

Asubuhi, kabla ya kugusa chochote, pima betri ilivyolala. Volti 12.6 au 12.7 ni betri iliyojaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na 11.8 ni betri iliyokwisha. Kisha mwambie mtu apige starta huku wewe ukitazama mita. Volti ikibaki juu ya 9.6 lakini starta inazunguka kwa uvivu, betri haina kosa, na mimi ningeanza na klempu, vile vibano vya waya vinavyoshika vichwa vya betri. Kwetu pwani hewa ya chumvi haina huruma na vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani unaoota pale huzuia umeme ingawa kwa macho klempu inaonekana imekaza. Weka ncha moja ya mita juu ya kichwa chenyewe cha betri na ya pili juu ya klempu iliyokishika, kisha starta ipigwe. Mita ikionyesha zaidi ya volti 0.2 au 0.3, umeme unapotelea hapo. Toa klempu ya hasi kwanza, kisha ya chanya, osha kwa maji ya uvuguvugu yaliyotiwa baking soda, bila kuruhusu tone liingie ndani ya chemba, sugua mpaka chuma king'ae, kausha, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho, kaza, halafu paka grisi au vaselini juu yake.

Kama betri imelala na volti 12.0, washa gari kwa msaada, liache liungurume, upime tena. Alteneta nzima hutoa kati ya 13.8 na 14.4, au zaidi kidogo. Ukisoma 12.5 huku injini inaunguruma, betri haichajiwi, nawe utaendelea kuzinunua mpaka alteneta au mkanda wake utengenezwe. Ukisoma zaidi ya 15, betri inachemshwa, na utaona maji yake yanakauka upesi.

Ikiwa chaji ni nzuri na bado asubuhi unaikuta imeshuka, kuna kitu kinakula umeme usiku. Zima kila kitu, funga milango, toa klempu ya hasi, weka mita katika kipimo cha ampea kati ya klempu na kichwa cha betri, na usipige starta mita ikiwa hapo. Subiri gari litulie. Gari zima halipaswi kula zaidi ya ampea 0.05. Likila zaidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Ningeanza na redio na kengele ya wizi, kwa sababu hivyo ndivyo vifaa vinavyofungwa baadaye na mafundi wa mitaani, mara nyingi bila kupitia kwenye swichi.

Shikamoo fundi. Nina duka Kipumbwi na nina betri mbili za sola za maji. Moja ilikufa, nikanunua mpya nikaiunga na ile ya zamani. Maji yakipungua naongeza ya kisima, lakini nayachemsha na kuyachuja kwa kitambaa kwanza. Sasa zote mbili hazifiki saa tatu usiku. – Mwenye duka, Kipumbwi

Marahaba, mwanangu. Umejitahidi kuyasafisha, lakini kuchemsha huua vijidudu na kuacha chumvi palepale, tena ikiwa nyingi zaidi kwa sababu maji yamepungua. Maji ya visima vya pwani yana kloridi na madini, nayo hushambulia mabamba na kuifanya betri ipoteze chaji hata ikiwa imekaa bila kazi. Tumia maji yaliyokenekwa tu. Soma chupa kabla ya kulipa, maana katika maduka mengi asidi na maji huwekwa rafu moja, katika chupa zinazofanana. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi nayo siyashauri, kwa sababu yamebeba vumbi na madini ya mabomba yalikopita. Ongeza baada ya betri kujaa, si kabla, usawa ukae kama sentimita moja juu ya mabamba. Ukijaza ingali tupu, maji yatapanda wakati wa chaji na kumwagika pamoja na asidi. Ukikuta mabamba yako wazi kabisa, weka kiasi cha kuyafunika tu, chaji, ndipo umalizie.

Kuunga mpya na kuukuu ndiko kulikoiponza hii ya pili. Betri dhaifu hunyonya kutoka kwa mwenzake usiku na kuizuia isijae mchana, na baada ya miezi michache zote mbili zinakuwa na umri mmoja. Zitenganishe leo, chaji kila moja peke yake mpaka ijae, ziache zipumzike usiku mmoja bila kufungiwa chochote, asubuhi pima volti na kila chemba. Itakayokutwa imeanguka, itoe katika mfumo, uendeshe duka kwa moja na uzime baadhi ya vitu mpaka upate uwezo wa kununua mbili za aina moja na umri mmoja.

Angalia pia mambo mawili yasiyo na gharama. Kidhibiti chaji chako huenda kimewekwa kwenye aina ya betri ya jeli, ambayo huchajiwa kwa volti za chini, na hivyo betri yako ya maji haifikii 14.4 hata siku ya jua kali. Na paneli ikiwa chini ya mnazi au mwembe, kivuli cha jani moja tu juu ya sehemu ya paneli hupunguza umeme kuliko unavyodhani. Wakati wa masika, siku tatu za mawingu zikifuatana, punguza matumizi mapema; usingoje kidhibiti kikate chenyewe.

Je, ni kweli kwamba betri ikiwekwa juu ya sakafu ya saruji inanyonywa chaji? – Msomaji, Muheza

Si kweli kwa betri za leo, ambazo maganda yake ni ya plastiki isiyopitisha umeme wala maji. Imani hiyo ilitokana na betri za zamani zilizokuwa na maganda ya mbao na mpira mgumu, yaliyovuja. Betri iliyokaa chini huisha kwa sababu kila betri hujimaliza yenyewe taratibu, na katika joto hujimaliza haraka zaidi, kwa hiyo iwe juu ya ubao au juu ya saruji, ichaji angalau mara moja kwa mwezi na uweke sehemu ya juu ikiwa kavu na safi.

Nina inveta chumbani na betri kavu mbili. Tangu joto la kaskazi lianze, umeme wa TANESCO ukirudi baada ya kukatika nasikia harufu ya mayai yaliyooza, na betri moja imevimba ubavuni. Naweza kuendelea nazo mpaka mwisho wa mwezi? – Msomaji, Makorora

Hapana. Zima chaji ya inveta kwenye ukuta, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima taa ndani ya chumba hicho na usiwashe kiberiti, kisha toka nje mpaka hewa isafike na betri zipoe. Harufu hiyo ni ya gesi yenye sumu inayotoka betri inapochajiwa kupita kiasi na kupata moto, na pamoja nayo hutoka haidrojeni, ambayo ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche ndogo. Betri iliyovimba haitengenezwi, na usiitoboe.

Chanzo kinachowezekana sana ni joto. Volti za chaji zinazoandikwa kwenye betri ni za nyuzi 25. Chumba kikifika nyuzi 35, chaja inapaswa kushusha takriban volti 0.2 hadi 0.3 kwa betri ya volti 12, na inveta nyingi za bei nafuu hazifanyi hivyo. Betri inapata joto, joto linaifanya ivute umeme zaidi, na umeme huo unaongeza joto. Tena, kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata maisha ya betri karibu kwa nusu. Utakaponunua nyingine, uliza inveta inayoruhusu kuchagua aina ya betri na yenye kipima joto, na uziweke barazani au ukumbini penye hewa ipitayo, mbali na jua la alasiri. Chumba cha kulala si mahali pake.

Mume wangu na wenzake hununua betri mbovu, wanamwaga maji yake shimoni na kuyeyusha risasi uani ili kutengeneza chubwi za nyavu. Mtoto wetu wa miaka mitatu hucheza hapohapo. Wakimaliza mimi hufagia. Je, inatosha? – Mama, Kigombe

Haitoshi, dada yangu, na nakuomba kazi hiyo isimame leo hapo nyumbani. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na inapoyeyushwa kwenye moto wa kuni hutoa mvuke na vumbi laini lisiloonekana, ambalo huanguka juu ya mchanga, nguo, vyombo na mikono ya mtoto. Ufagio mkavu hulirusha upya hewani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kilekile alichomeza. Inaharibu ubongo unaokua, inapunguza damu, na mara nyingi hakuna dalili inayoonekana mapema. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi karibu na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, wakati watoto wao walikuwa wamekwisha kudhurika.

Betri mbovu ziuzwe zikiwa nzima, zimesimama wima, asidi ikiwa ndani, kwa mnunuzi mwenye kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira. Nyavu zinaweza kuzamishwa kwa mawe au saruji iliyofinyangwa. Mahali walipoyeyushia pamwagiwe maji kwanza ili vumbi litulie, udongo wa juu uchotwe na kufukiwa mbali na kisima na mfereji, kisha pafunikwe kwa udongo mpya au saruji, na anayefanya hivyo afunike pua na mdomo. Sufuria iliyotumika isirudi jikoni hata ikisuguliwa. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Mtoto mpeleke Hospitali ya Bombo wiki hii, na umweleze daktari waziwazi kwamba uani kwenu kumekuwa kukiyeyushwa risasi ya betri na kwa muda gani, kwa maana asipoambiwa anaweza kutibu tumbo au upungufu wa damu peke yake. Kama una mimba au unanyonyesha, mwambie na hilo.